Makaa chini ya theluji: kisa cha moto wa Calf Canyon, New Mexico, 2022

Tarehe 9 Aprili 2022 moshi ulionekana kwenye bonde la mto Gallinas, ndani ya Msitu wa Taifa wa Santa Fe, kaskazini mwa jimbo la New Mexico nchini Marekani. Wazimamoto waliofika walikuta moto wa ekari moja na nusu tu. Wakachimba mstari wa udongo mtupu wa kuuzunguka, wakaulinda kwa siku kadhaa, wasione moshi wala joto karibu na kingo. Siku kumi baadaye, tarehe 19, moto uleule ukaamka na kuuruka mstari. Tarehe 22 ukapigwa na upepo mkali na kuungana na moto mwingine wa jirani ulioitwa Hermits Peak, na hadi ulipotangazwa kuzingirwa wote mwezi Agosti, zilikuwa zimeteketea zaidi ya ekari 341,000, karibu hekta 138,000. Jimbo hilo halijawahi kurekodi moto mkubwa kuliko huo.

Tarehe 27 Mei, moto ungali unawaka, Huduma ya Misitu ya Marekani ilitangaza chanzo chake. Hakukuwa na radi, wala nyaya za umeme, wala mtalii aliyesahau jiko lake. Moto ulitoka kwenye marundo ya matawi ambayo wafanyakazi wa msitu wenyewe waliyachoma kwa mpango mwishoni mwa Januari. Kwa takriban siku 70 ulifukuta chini ya ardhi, ukaangukiwa na theluji mara tatu, na bado ukawa hai.

Uchomaji wa marundo wakati wa baridi huhesabiwa kuwa kazi ya moto yenye hatari ndogo kuliko zote msituni, na hesabu hiyo si ya uongo. Kasoro ni kwamba hatari hupimwa siku ya kuwasha, ilhali sehemu kubwa ya hatari ya rundo huja baada ya wawashaji kurudi nyumbani.

Marundo yalitoka wapi

Misitu ya misonobari ya ponderosa ya kusini-magharibi mwa Marekani ilizoea moto mdogo wa chini kila baada ya miaka michache. Moto huo ulikula nyasi, sindano zilizoanguka na miche, ukaiacha miti mikubwa yenye gome nene. Kisha ikaja sera ya kuzima kila moto. Kuanzia 1935 Huduma ya Misitu iliagiza kwamba moto wowote unaogunduliwa uwe umezimwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Agizo hilo lilifutwa miongo kadhaa baadaye, lakini msitu ulikuwa umeshasongamana: mahali palipokuwa na miti kadhaa kwa ekari, sasa imo mamia, myembamba na iliyoshikana, na matawi yake yamekuwa ngazi ya moto kutoka nyasi hadi vileleni.

Dawa yake ni kupunguza miti kwanza, kisha kurudisha moto kwa mpango. Bonde la Gallinas lilichaguliwa kwa sababu nzito: mto huo ndio unaoupa mji wa Las Vegas wa New Mexico (si ule wa kamari ulioko Nevada) sehemu kubwa ya maji yake. Mradi ulikusudiwa kulinda maji ya watu wapatao 13,000 dhidi ya moto mkubwa.

Kupunguza miti huzaa taka. Matawi, vilele na vijiti vikiachwa vimetapakaa, sakafu ya msitu huwa hatari kuliko ilivyokuwa kabla ya msumeno kuingia. Kwa hiyo hukusanywa kuwa marundo, ambayo huachwa mwaka mmoja au zaidi yakauke. Aghalabu sehemu ya juu hufunikwa kwa karatasi ngumu ili kiini kisilowe. Theluji ikishatanda ardhini bila kuacha mapengo, watu hupita na makopo ya kuwashia yenye mchanganyiko wa dizeli sehemu tatu au nne kwa sehemu moja ya petroli. Rundo la mkono huwa na upana wa mita mbili hivi na kimo kisichofika au kinachozidi kidogo kimo cha mtu. Rundo la mashine linaweza kuwa kubwa kama nyumba ndogo.

Kuwasha rundo moja ni kazi ya dakika moja au mbili. Kulichimbua na kuhakikisha limepoa ni nusu saa, pengine zaidi, likiwa kubwa. Tofauti hiyo ya muda ndiyo inayoamua mengi: kikosi huweza kuwasha kwa siku moja marundo ambayo hakitaweza kuyakagua kwa wiki nzima.

Moto hulalaje siku sabini

Mwali na ufukutaji ni moto wa aina mbili. Mwali ni gesi inayotoka kwenye kuni iliyopashwa joto, ikachanganyika na hewa na kuwaka. Unataka hewa nyingi na kuni kavu, na theluji huumaliza upesi. Ufukutaji hauhitaji gesi hiyo. Ni mkaa wenyewe unaoungua usoni pake, polepole, kwa hewa kidogo sana. Ukifunikwa na majivu, mboji au udongo, joto lake halina pa kutokea, na joto hilohilo hukausha kuni ya jirani mpaka nayo ikashika.

Kwenye mboji nene ufukutaji husonga sentimita chache kwa saa ukipata hewa, na ukibanwa hupungua mno. Tuchukue milimita moja kwa saa. Siku 70 ni saa 1,680, hivyo moto uliobanwa kiasi hicho utakuwa umetembea mita 1.7 tu tangu Januari. Kisiki kimoja chenye mizizi minene kinamtosha msafiri wa namna hiyo. Mizizi ya msonobari ina utomvu mwingi, na mzizi uliokufa unapoungua kwa ndani huacha mfereji unaovuta hewa kama bomba la jiko. Moto huingia upande mmoja wa mzizi na kutokea upande wa pili, mita kadhaa kutoka kwenye duara la majivu ambalo wakaguzi wanalitazama.

Makosa yanayolifanya rundo lifukute muda mrefu yanajulikana, na mengi hufanyika miezi mingi kabla ya kiberiti kuwashwa. La kwanza ni udongo. Tingatinga lenye bamba bapa likisukuma matawi husukuma na udongo. Rundo likiungua, udongo huo huanguka juu ya makaa na kuyafunika vizuri kama mpishi afunikavyo moto wake wa usiku. Ndiyo maana hutakiwa reki ya chuma au kikamatio badala ya bamba. La pili ni magogo manene kuwekwa ndani ya rundo. Kuni nyembamba kuliko milimita 6 hulingana na unyevu wa hewa kwa saa moja hivi. Za milimita 25 hadi 76 kwa saa 100. Za milimita 76 hadi 203 kwa saa 1,000, yaani wiki sita. Gogo la sentimita 30 halitaisha siku ya kuchomwa. Litageuka mkaa nje na kuendelea kivyake. La tatu ni mahali: rundo likikaa juu ya kisiki, kando ya mti mfu uliosimama, au juu ya mboji ya kina cha kiganja, moto tayari una njia ya kushuka.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni la theluji. Mara tatu! Ilikuwaje isizime?

Chukua duara la majivu lenye upana wa mita tatu na kina cha sentimita 20. Ni kama mita za mraba saba, na mita za ujazo 1.4 za majivu, mkaa na udongo. Tuseme tabaka hilo lina uzito wa tani moja na joto la wastani la nyuzi 300 za Selsiasi. Kulishusha hadi nyuzi 50 kwahitaji karibu lita 100 za maji, iwapo kila tone litafika ndani na kugeuka mvuke palepale. Kazini hesabu hiyo huzidishwa mara tatu au nne, kwa kuwa maji mengi hutiririka pembeni.

Sasa theluji. Sentimita 10 za theluji mpya, kwa kipimo cha kawaida cha kumi kwa moja, ni milimita 10 za maji, yaani lita 70 juu ya duara lote. Theluji kavu ya milimani huwa na maji machache zaidi ya hayo. Na lita hizo hazimiminwi mara moja. Hudondoka kwa siku nyingi, usiku zikiganda, mchana zikiyeyuka tone kwa tone. Katika jua kali na upepo mkavu wa nyanda za juu sehemu ya theluji hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kulowesha kitu. Kile kinacholowesha hukutana kwanza na majivu yanayokinyonya, kisha na udongo uliochomwa ambao mara nyingi hushika nta ya mimea iliyoungua na kuyakataa maji, yakaviringika juu yake. Chini ya hapo mkaa unaendelea kuzalisha joto jipya. Maji hufika kwa uchache, yamechelewa, na mahali pasipotakiwa.

Theluji huzuia rundo lisisambae siku ya kuwasha, na kwa kazi hiyo ni mlinzi mwaminifu. Kuzima si kazi yake. Hudhuru hata ukaguzi: hufunika moshi mwembamba, hupoza uso hadi kamera ya joto isione kitu, na humfanya mkaguzi aliyesimama kwenye weupe mtupu asidhani kwamba chini ya viatu vyake kuna moto. Alama moja huiponyoka: duara au tundu ambalo theluji haikai, au limeyeyuka kabla ya jirani zake. Tundu hilo likionekana Februari, lichimbwe siku hiyohiyo.

Kalenda ya upepo

Anayesoma habari za moto wa California huweza kudhani kwamba msimu wa moto ni Agosti na Septemba kila mahali. Kaskazini mwa New Mexico kilele huja mapema: kuanzia Machi au Aprili hadi mvua za monsuni zifike, aghalabu Julai. Majira ya kuchipua huleta upepo mkavu wa kusini-magharibi siku baada ya siku, wakati nyasi za mwaka jana zimekufa na mpya hazijaota.

Kwa hiyo rundo linalowashwa mwishoni mwa Januari lina wiki tisa au kumi tu za kupoa. Likiwashwa Novemba lina miezi minne au mitano. Katika mwaka wa kawaida tofauti hiyo huenda isihesabike, kwani theluji hukaa hadi Aprili. Ule haukuwa mwaka wa kawaida: ukame ulikuwa wa muda mrefu, theluji ilikuwa pungufu, ikaondoka mapema. Ardhi ilipokauka, mifereji ya mizizi ikaporomoka na kufunguka, hewa ikaingia, na kilichofukuta kwa milimita kikapata pumzi.

Ekari moja na nusu

Wazimamoto hutofautisha hali tatu, na ni vema zisichanganywe hata kwa Kiswahili. Moto uliozingirwa umezungukwa na mstari unaotarajiwa kuuzuia. Moto uliodhibitiwa ni ule ambao mstari huo hautarajiwi kuvunjwa hata hali ya hewa ikibadilika. Moto uliozimika hauna joto popote, kingoni wala katikati. Kati ya tarehe 9 na 19 Aprili moto wa Calf Canyon ulikuwa wa hali ya kwanza. Upepo uliokuja ulitaka hali ya tatu.

Taarifa rasmi inasema mstari ulichimbwa, kisha moto ukafuatiliwa kwa siku kadhaa bila joto au mwali kugunduliwa karibu na ukingo. Ukingo ndio mahali pa kuanzia, na kwa moto wa ekari elfu hapo ndipo nguvu zinapoishia pia. Lakini ekari moja na nusu ni mita za mraba 6,000 hivi. Ikiwa duara, upana wake ni mita 88 na mzunguko mita 280. Watu 20 wakisimama safu moja kwa nafasi ya mita mbili hufagia mita 40 kwa mkupuo mmoja. Kwa mikupuo mitatu wamepita kila hatua ya eneo lote. Kazi hiyo, ikifanywa kwa mikono iliyovuliwa glavu, ni ya siku moja, labda mbili. Ikirudiwa asubuhi tatu mfululizo ni vikosi na mafuta ya wiki moja. Ni rahisi kusema haya leo. Siku zilezile moto wa Hermits Peak ulikuwa unawaka kwenye milima hiyohiyo, na ekari moja na nusu isiyotoa moshi haikuwa habari.

Hata hivyo, upepo wa majira hayo ulijulikana. Kanuni ambayo kisa hiki kinaipa uzito ni kwamba kiwango cha kuzima hupangwa kwa upepo mbaya zaidi unaotarajiwa kabla ya mvua, bila kujali ukubwa wa moto ulioko mbele yako. Mstari wa upana wa nusu mita uliofika udongo mtupu unazuia moto wa nyasi wenye mwali wa kimo cha goti siku tulivu. Hauzuii cheche iliyobebwa mita mia moja, na hauzuii mzizi unaopita chini yake ikiwa haukukatwa.

Tarehe 22 Aprili upepo ulivuma kwa vishindo vilivyopita maili 70 kwa saa, kilomita 110 na ushee. Ndege hazikuweza kuruka. Hakuna mstari wa mkono uliowahi kusimamisha moto wa vileleni katika upepo wa namna hiyo, wala wa tingatinga. Kufikia saa hiyo, uwezo wa kuubadilisha mwisho wa kisa ulikuwa umebaki nyuma, kwenye ile ekari moja na nusu.

Jirani yake

Hermits Peak nao ulitoka mkononi mwa Huduma ya Misitu. Tarehe 6 Aprili kikosi kiliwasha uchomaji wa mpango kwenye kitalu (kipande cha msitu kilichopangiwa kuchomwa) cha Las Dispensas, kilomita chache kutoka hapo. Moto wa majaribio uliwashwa kabla ya adhuhuri. Jioni ileile ulikuwa umetangazwa kuwa moto wa nyika, yaani umetoroka. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Juni 2022 ilikuta kwamba wachomaji walifuata sehemu kubwa ya mpango uliokubaliwa, ingawa si yote, na kwamba ardhi ilikuwa kavu kuliko walivyodhani: ukame wa muda mrefu, theluji haba, nyasi na kuni nyembamba zilizolimbikizana, na kuni zilizoongezeka pembezoni wakati wa kutayarisha mstari. Ripoti iligusa pia shinikizo la kumaliza kazi iliyokwisha kuahirishwa.

Hadi tarehe 22 Hermits Peak ulikuwa na ekari 7,573 na umezingirwa kwa asilimia 91. Namba ya asilimia huwapumbaza watu. Hupima urefu wa mstari, haipimi nguvu za moto, na haisemi lolote kuhusu moto wa pili ulioko upande wa upepo.

Kilichopotea

Majengo yapatayo 900 yaliteketea, yakiwemo mamia ya nyumba, katika kaunti za Mora na San Miguel, ambako familia za asili ya Kihispania zimeishi vizazi vingi kwa ng'ombe, kuni na mifereji ya umwagiliaji iitwayo asekia. Wengi hawakuwa na bima. Julai mvua ilinyesha juu ya miteremko iliyoungua, maji yakakataa kuzama, mafuriko yakaua watu watatu. Majivu na matope yaliingia Gallinas kiasi kwamba mtambo wa maji wa Las Vegas haukuweza kuyasafisha, na mji ukabaki na akiba isiyofika miezi miwili. Yale maji yaliyokusudiwa kulindwa na marundo ndiyo yaliyochafuliwa.

Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 2.5 za fidia Septemba 2022, kisha likaongeza bilioni 1.45 Desemba. Jumla ni dola bilioni 3.95. Gharama ya kikosi cha watu 20 kupapasa majivu kwa wiki nzima haihitaji kuandikwa pembeni yake.

Rundo huzimwaje

Kazi huanza siku ileile ya kuwasha, saa mbili au tatu baada ya mwali kushuka. Vichwa vya magogo vilivyobaki kandoni husukumwa katikati pakiwa bado pana joto la kuvila. Hatua hii hurukwa kila jua linapokaribia kuzama na marundo mengine hayajawashwa, na ndiyo inayozaa vigogo vyenye mkaa nje na kuni mbichi ndani.

Kila rundo linapaswa kuwa na namba na mahali pake kwenye ramani. Bila hivyo "tulikagua marundo" humaanisha yale yaliyo karibu na barabara. Ukaguzi wa kwanza ni siku chache baada ya kuchoma, wa pili theluji inapoyeyuka, na wa tatu, usiosamehewa, ni kabla ya utabiri wa upepo mkali wa kwanza wa majira.

Mkaguzi huja asubuhi na mapema. Jua likishapanda, mawe meusi hupata joto na kamera ya joto huonyesha moto pasipo moto. Kabla ya jua kuchomoza, kilicho moto ni moto kweli. Droni yenye kamera hiyo hupita marundo mengi kwa saa moja na kuokoa miguu, ila huona uso tu. Sentimita 15 za majivu na udongo zinatosha kuyaficha makaa. Kamera ikisema "hapa", chimba. Ikinyamaza, bado chimba kwenye marundo yenye magogo, visiki au udongo mwingi.

Kuchimba kwenyewe ni kwa jembe au sururu hadi udongo wa asili usio na mboji, na kufuata kila mzizi mweusi mpaka unapoishia kuwa mweupe na baridi. Mgongo wa mkono, ambao huhisi joto upesi kuliko kiganja, huletwa karibu na udongo bila kugusa, kisha hugusa. Uso ukiwa wa uvuguvugu, chini yake kuna moto. Glavu inaficha, ndiyo maana huvuliwa kwa sehemu hiyo tu na kwa tahadhari, kwani mashimo ya visiki vilivyoungua hubomoka chini ya miguu, na mti ulioungua mizizi huanguka bila sauti ya onyo.

Maji peke yake hayatoshi, kama hesabu ya juu ilivyoonyesha. Pampu ya mgongoni hubeba lita 19 au 20. Kumwagia duara la mita tatu kwa pampu hiyo ni kulipaka maji. Kinachofanya kazi ni kuchanganya: mwaga, koroga, mwaga tena, paka udongo mbichi, tandaza. Makaa yakitandazwa kwa unene wa kiganja hupoteza joto yenyewe. Kosa la kawaida kabisa ni kufukia. Mtu aliyechoka hutupa udongo juu ya makaa, moshi unakoma, anaondoka. Amejenga tanuri la mkaa.

Halafu kuna jina. Tangu siku ya kuwasha hadi siku ya kutangazwa kuwa umezimika, kila rundo lipaswe kuwa na mtu mmoja anayeliwajibikia, na cheo hicho kikabidhiwe kwa maandishi akihama au msimu wake ukiisha. Wafanyakazi wengi wa moto ni wa msimu. Anayewasha Januari na anayeitwa na moshi Aprili mara nyingi si mtu mmoja, na yule wa pili hajui ni rundo lipi lilikuwa na kisiki chini.

Baada ya moto

Tarehe 20 Mei 2022 mkuu wa Huduma ya Misitu, Randy Moore, alisimamisha uchomaji wa mpango kwa siku 90 katika misitu yote ya taifa. Alieleza kwamba shirika lake hufanya wastani wa uchomaji 4,500 kwa mwaka na asilimia 99.84 hukamilika kama ilivyopangwa. Ukipiga hesabu, inayobaki ni kama saba kila mwaka. Uwiano huo ni mzuri, na kuacha kabisa kuchoma kungeifanya misitu iwe hatari zaidi. Wachomaji wako sahihi kulishikilia hilo. Lakini wastani haulipi majengo 900, na marundo huingia kwenye asilimia hiyo kama mafanikio pindi mwali unaposhuka salama.

Mapitio ya Septemba yaliyofungua tena uchomaji yaliagiza, pamoja na mengine, mipango yote ihakikiwe upya dhidi ya hali ya sasa, idhini ya kuwasha itolewe kwa saa 24 tu badala ya kipindi kirefu, na msimamizi aandike hali ya eneo na ya watu wake, pamoja na uchovu wao, kabla ya kuwasha. Haya matatu yana maana kubwa kwa kitalu kama Las Dispensas. Yote ni ya siku ya kuwasha. Yangetekelezwa Januari bondeni Gallinas, theluji ikiwa imetanda na hewa imetulia, marundo yangepata idhini bila swali.

Siku ileile ya upepo, 22 Aprili 2022, moto mwingine ulianza kwenye milima ya Jemez, upande wa pili wa Msitu wa Taifa wa Santa Fe. Uliitwa Cerro Pelado, ukala ekari 45,605 na kusogea kuelekea Los Alamos, mji ambao mwaka 2000 ulipoteza makazi ya familia zaidi ya 400 kwa uchomaji wa mpango uliotoroka. Uchunguzi wa Cerro Pelado ulichukua zaidi ya mwaka mmoja. Majibu yalitangazwa Julai 2023: marundo, yaliyochomwa wakati wa baridi, yakafukuta chini ya theluji.